Jopo Lilinikuta Siku Nzuri

Kama umeshika barua inayosema huumwi, na wewe mwenyewe unajua kwamba unaumwa, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakufundisha jina la ugonjwa wala namna dawa inavyofanya kazi kichwani. Hayo waulize wanaoyajua. Nitakueleza tu nilivyokataliwa, nilivyokata rufaa, na mambo yalivyokwisha. Nina hamu ya kukimbilia mwisho kwa sababu mwisho ni mzuri, lakini nitajizuia nianzie mwanzo.

Naitwa Naomi. Ninaishi Magamba, juu ya mji wa Lushoto, pale msitu unapoanza. Mume wangu Stefano ni seremala, na tuna binti mmoja, Neema, anayesoma bweni Mlalo. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa msimamizi wa kitalu katika kampuni moja ya mbao. Tulisia mbegu za paina, tukahamishia miche kwenye viriba vya plastiki ikiwa bado mifupi kama kidole, tukaimwagilia na kuipalilia mpaka masika yaingie ipelekwe kupandwa. Nilikuwa na wanawake tisa chini yangu. Niliipenda kazi ile kiasi kwamba hata Jumapili baada ya ibada nilipita kitaluni kuangalia tu.

Ugonjwa ulianza kwa kunishusha. Ilikuwa kipupwe, ukungu unakaa siku nne bila kuondoka, nami nikalala kitandani wiki tatu nikitazama ukuta. Watu walisema ni malaria, wengine wakasema nimerogwa. Mama yangu alikuja kutoka Mlalo na maharage na maombi. Kisha mvua za vuli zilipokaribia nikainuka, na nikainuka kupita kiasi. Nilikuwa na nguvu za watu wanne. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kila mtu aliyezaliwa Usambara ana mti wake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuigawa miti hiyo.

Siku ya soko nilimshawishi dereva wa lori la kampuni kwamba ofisi imeagiza, nikang'oa miche, tukaipakia na kuteremka nayo Lushoto. Nilisimama juu ya meza ya mtu wa kabeji nikamwita kila aliyepita, nikampa mche, na kuupa mche ule jina. Watu walicheka, wakapokea. Miche ilikuwa michanga mno, haikufika Jumapili. Mimi nakumbuka rangi ya kijani tu na koo linaloniuma. Mengine nimesimuliwa. Stefano alikuja akanishusha mezani kwa upole, kama anavyoshusha kioo, na siku iliyofuata nilikuwa hospitali ya magonjwa ya akili ya misheni.

Nilikaa huko mpaka vuli ikaisha. Niliporudi nyumbani, muda wangu ukaanza kuhesabiwa kwa sindano. Sindano moja kila mwezi, na vidonge asubuhi na jioni. Sindano ya kwanza nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mbao. Ya pili ulimi ukawa mzito, nikawa natokwa mate usingizini kama mtoto. Nilinenepa mpaka magauni yangu nikampa mdogo wangu. Mikono ikaanza kutetemeka. Kisha likanipata jambo ambalo nje ya nyumbani na kliniki sikuwahi kumwambia mtu mpaka rufaa iliponilazimisha: maziwa yalinitoka kifuani, na sina mtoto mchanga. Mama mkwe wangu aliona kanga imelowa. Kwa wiki mbili alinitazama tumbo, na nilijua anachojiuliza.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni nesi Halima wa kliniki ya afya ya akili, msichana wa Kiislamu kutoka mabonde ya huku huku kwetu, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Aliniambia ni dawa, akamwomba daktari anibadilishie, na maziwa yakakoma. Baada ya hapo aliomba ruhusa yangu, akaja nyumbani siku moja, akamwamkia mama mkwe wangu shikamoo, akaketi naye jikoni, akamweleza kwa Kishambaa. Mama mkwe alipotoka jikoni alinipa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Huruma ndogo kama hizo ndizo zilizonibeba miaka ile.

Nilijaribu kurudi kazini. Mara ya kwanza nilidumu miezi minne, mara ya pili miezi miwili. Mche wa paina ukiwa mchanga mzizi wake ni kama uzi, na mikono yangu ilikuwa ikiukata. Halafu ugonjwa ulirudi, mara moja chini, mara moja juu. Mwishowe kampuni ikaniandikia barua ya kunistaafisha kwa sababu za afya. Meneja alisikitika kwa kweli. Aliniambia nimechangia kwenye Mfuko wa hifadhi ya jamii miaka yote hiyo, kwa hiyo niombe pensheni ya ulemavu.

Nikaomba. Baada ya masika nikaitwa mbele ya jopo la madaktari Tanga.

Hapa ndipo nilipokosea, nawe usikose kama mimi. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda harusini. Nilisuka nywele, nikavaa gauni la kitenge jipya, nikapaka mafuta. Mimi na Stefano tuliteremka mpaka Mombo, tukachukua basi. Kwenye benchi la kusubiri palikuwa na kijana aliyekatwa mguu na mzee aliyepofuka, na kila mtu alitazama mguu wa kijana na macho ya mzee, kisha akanitazama mimi akitafuta. Nilipoitwa niliingia nikitabasamu. Niliamkia vizuri. Waliniambia niinue mikono juu, nikainua kwa nguvu zangu zote ili isitetemeke. Waliniuliza leo ni siku gani, tuko mkoa gani, mia nikitoa saba inabaki ngapi. Nilijibu yote. Mama yangu alinifundisha kwamba mbele ya wakubwa mtu hujikaza, nami nilijikaza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilitoka nikamwambia Stefano nimefaulu.

Nilifaulu kweli. Barua ilikuja kipupwe, ikisema mwombaji ana akili timamu, viungo vyake vyote vinafanya kazi, na anaweza kurudi kwenye kazi yake ya awali. Maombi yamekataliwa.

Nilidhani maumivu yatakuwa ya kukosa pensheni. Hayakuwa hayo. Kaka mkubwa wa Stefano, shemeji yangu Daudi, aliisoma barua ile mbele ya watu wa nyumbani, akaikunja, akauliza kwa utaratibu kabisa: kama madaktari wa serikali wanasema ni mzima, basi siku ile ya soko alikuwa anafanya nini? Nilielewa. Kama sikuwa mgonjwa, basi yote niliyoyafanya niliyafanya kwa makusudi. Nilimdanganya dereva kwa makusudi, nikaharibu miche kwa makusudi, nikamlaza mume wangu na wasiwasi kwa makusudi. Habari ikateremka mpaka mjini. Mwanamke mmoja wa kwaya aliniambia kwa upole kwamba sasa naweza kuacha kujifanya.

Nilianza kushuka. Nilihisi kabisa, kama mtu anayehisi baridi inaanzia miguuni. Stefano aliona, akanisindikiza mpaka kliniki kabla ya siku yangu ya sindano. Nesi Halima alisoma barua yote, hata pale chini ambapo sisi hatukufika, kwenye maandishi madogo. Akaweka kidole.

"Mama Neema, hapa wanasema una haki ya kukata rufaa, na siku bado zipo. Hii siyo barua ya mwisho."

Nilimwambia sina nguvu. Akasema nguvu si lazima ziwe zangu zote. Akaniuliza jopo liliniona siku ya namna gani, nikamsimulia gauni na nywele na hesabu. Alisikiliza, kisha akacheka, si kwa dharau.

"Walikuona siku nzuri, na wewe ukaifanya nzuri zaidi. Ulikwenda kama unakwenda kanisani. Safari hii nenda ulivyo siku ya Jumanne."

Sijui kwa nini maneno yale yalinigusa vile, lakini nilitoka kliniki nimeamka. Nilikuwa na kazi tena. Tuliandika rufaa kwa mkono wa Stefano, mimi nikisema naye akiandika, mezani kwake kati ya maranda. Nesi akatoa nakala ya kadi yangu yenye sindano zote na mara zote nilizolazwa. Meneja akaandika barua ya kueleza kazi ya kitalu ni ipi na kwa nini sikuiweza. Kila karatasi iliyopatikana nilisisimka kama mtu anayeona mbegu imechipua.

Lakini ilibaki siku ya soko. Nesi alisema jopo litahitaji kusikia kwa mtu aliyeniona nikiumwa, na ambaye si mume wangu. Aliyeniona toka asubuhi mpaka mwisho alikuwa mmoja tu, dada Zubeda. Alikuwa msaidizi wangu kitaluni, mkubwa wangu kwa umri, na siku ile alipanda lori pamoja nasi akijaribu kunizuia. Kampuni ilimpa barua ya onyo kwa kuacha miche itoke. Kabla mimi sijarudi kitaluni aliacha kazi akaanza kuuza mboga na matunda sokoni Lushoto. Tangu siku ile hatukuwa tumesemezana.

Kabla sijamfuata, shemeji Daudi alikuja na ushauri. Alikuwa ameanza kuona kwamba rufaa si mchezo, na kwa namna yake alitaka kusaidia. Alisema niache dawa. Niache sindano ya mwezi ule na ya unaofuata, jopo linione nikiwa kichaa hasa, kazi kwisha. Nitasema ukweli: nililifikiria. Nililifikiria siku tatu. Nilikuwa nimechoka kuadhibiwa kwa kupata nafuu. Siku ya sindano ilipofika nilikaa kitandani na viatu mkononi. Stefano alisimama mlangoni. Hakunisukuma. Alisema tu kwamba aliishi na Naomi yule mara tatu, na hakuna pensheni duniani itakayomfanya amwite mara ya nne. Nikavaa viatu. Tulishuka kwa miguu mpaka kliniki, na sindano ile niliipokea kama mtu anayekula kiapo.

Siku iliyofuata nikaenda sokoni. Zubeda alikuwa amekaa nyuma ya rundo la karoti na peasi. Nilimwambia shikamoo. Alimhudumia mteja kwanza, akafunga mfuko, akarudisha chenji. Kisha akasema marahaba, bila kuniangalia. Nilimweleza kilichonileta. Nilimwambia pia kwamba samahani niliyomwomba Mungu kwa miaka mingi nilipaswa kumwomba yeye.

Alipangua karoti akazipanga upya. Ndipo akaniuliza kama nakumbuka siku ile. Nikasema kidogo. Akaniambia nisiyoyajua. Kwamba nilikuwa nimevaa gauni kinyume. Kwamba midomo yangu ilikuwa imepasuka na sikukubali kunywa maji, nikisema maji ni ya miche. Kwamba nilipoishiwa miche niliendelea kugawa mikono mitupu, na watu waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka.

"Onyo liliniuma," alisema. "Lakini kilichonifanya nisije kwako si onyo. Niliogopa utaniuliza ulivyokuwa, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kukuambia."

Nikamwomba aliambie jopo. Alisema atafunga meza siku hiyo. Akanipa peasi, nikala palepale nimesimama, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko, na nilikuwa na furaha kama msichana.

Tulikwenda Tanga watatu, mimi, Stefano na Zubeda. Vuli ilikuwa imeanza. Nilivaa gauni langu la kila siku na kilemba cha kawaida. Benchi lilikuwa lile lile, na joto la Tanga liliniganda mgongoni. Niliogopa, ila haikuwa hofu tupu. Ilikuwa kama dakika ile kabla kwaya haijaanza kuimba.

Jopo lilikuwa na madaktari wapya watatu. Aliyekuwa katikati, mama mmoja mtu mzima, alipokea shikamoo yangu, akafungua faili, akaniuliza ninajisikiaje leo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu kwa wiki nzima, tena mbele ya kuku.

"Leo ni mzima, daktari. Nimechomwa sindano, nimelala vizuri, mume wangu yuko nje. Ninaomba mnisikilize kuhusu siku ambazo si leo."

Akaweka kalamu chini. Nikasimulia. Sikujikaza na sikuongeza chumvi. Niliweka mikono yangu mezani ikatetemeka jinsi inavyotetemeka, nikawaeleza mzizi wa paina ulivyo mwembamba. Niliwaambia habari za maziwa. Niliwaambia kuhusu ukuta niliotazama wiki tatu. Mmoja wao aliuliza kwa nini haya yote sikuyasema mara ya kwanza. Nikamjibu kwamba mara ya kwanza niliulizwa hesabu.

Stefano aliingia. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na nilijua ameficha mengi, hata kwangu. Aliwaambia kwamba katika miaka hiyo hajawahi kuchukua kazi ya mbali, kwa sababu hajui atamkuta nani akirudi. Aliwaambia kwamba patasi na misumeno yake huifungia kwenye sanduku. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya wezi. Aliyasema akitazama sakafu, na mimi nililia, si kwa uchungu peke yake. Hatimaye yalikuwa yamesemwa.

Kisha Zubeda. Alisimama kama anayetoa ushahidi msikitini, akasimulia siku ya soko toka asubuhi, gauni kinyume, maji, mikono mitupu. Daktari wa katikati alimuuliza kama anafikiri nilikuwa najua ninachofanya. Zubeda alijibu kwamba amefanya kazi na mimi miaka minane, na Naomi anayemjua asingeng'oa mche mchanga hata kwa kushikiwa panga.

Tulikuwa mle ndani muda mrefu mpaka walioko kwenye benchi wakaanza kuchungulia. Tulipotoka tulinunua maji ya madafu, tukanywa. Sikujua tumeshinda au tumeshindwa. Nilijua tu kwamba nimebeba mwilini wepesi ambao sikuwa nao tangu ule ukungu wa kwanza.

Sindano moja ikapita, nyingine ikapita. Plamu zikaiva. Barua za Mfuko huja kwa sanduku la posta la usharika, na mzee wa kanisa anayezichukua mjini aliniletea bahasha asubuhi moja nikianika maharage. Niliifungua kwa meno. Walisema wamepitia upya ushahidi wa kitabibu na maelezo ya mashahidi, uamuzi wa awali umetenguliwa, na pensheni ya ulemavu imekubaliwa, kwa sharti la kupimwa tena baadaye. Palikuwa na mstari mmoja nilioupenda kuliko yote. Ulisema kwamba ugonjwa wangu ni wa kweli na wa muda mrefu, hata katika vipindi ambavyo dalili hazionekani. Mstari huo baadaye nilimpa shemeji Daudi ausome mwenyewe. Aliusoma mara mbili, akaniomba radhi, na tangu hapo ndiye anayenikumbusha siku ya kliniki kana kwamba yeye ndiye anayechomwa.

Lakini asubuhi ile bado sikumfikiria Daudi. Niliacha maharage, nikakimbia. Karakana ya Stefano iko chini barabarani, nikateremka na barua juu hewani, kanga inaniponyoka, natweta. Aliniona kwa mbali. Nilimwona anavyoacha randa, uso wake unabadilika, anatoka kunilaki kwa hatua zile ninazozijua, za mtu anayekwenda kushusha kioo. Kwetu, mimi nikikimbia barabarani, maana yake ni moja.

Alinishika mabega yote mawili. "Mama Neema, umelala jana?"

"Nimelala, baba Neema. Nimelala mpaka jogoo akachoka. Soma."

Akasoma. Akarudi juu akasoma tena, midomo ikitembea. Akakaa kwenye gogo, vumbi la mbao likamshika suruali, akanitazama kama mtu anayenihesabu. Kisha mume wangu, fundi Stefano, ambaye kanisani huimba sauti ya nne ili asisikike, akainuka na kutimua mbio kuelekea barabara ya Lushoto akipiga vigelegele kama mwanamke harusini, barua mkononi, kiatu kimoja kikibaki nyuma. Watu wakatoka madukani. Wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

Nikaokota kile kiatu nikamfuata kwa mwendo wangu wa kawaida, na kila aliyeniuliza kulikoni nilimjibu asiwe na wasiwasi, huyu haumwi, amefurahi tu.